Chachu ya Mayu Nyanjige

Asubuhi tangi lilikuwa na rangi ya papai bivu. Kufika mchana lilikuwa limepauka, jeupejeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Thomasi alisimama mbele ya kidirisha cha kioo, dekio mkononi, akashangaa.

Kazi yake pale kituoni ilikuwa kuosha matangi na kuchochea boila. Kituo kilikuwa ndani ya ghala la zamani la pamba, nje kidogo ya mji wa Bariadi, na humo ndani walikuwa wakiifundisha chachu kutengeneza vitamini A. Wakifaulu, vitamini hiyo ingechanganywa kwenye mafuta ya kupikia ya mbegu za pamba, watu wasiendelee kuagiza ya ng'ambo. Thomasi alikuwa amelizoea lile tangi likiwa na rangi ya papai. Hatua ya mwisho walikuwa wakiifanyia kwenye chupa ndogo, chumba cha ndani, ambako yeye haingii. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kuifanya kwenye tangi kubwa, na mkubwa wa kituo, Dokta Harieth, alikuwa na furaha isiyo ya kawaida yake. Alikuwa mama wa Kihaya, mwembamba, asiyecheka ovyo. Mchana huo aliwaita wafanyakazi wote wasogee waone.

Akawaeleza taratibu. Chachu ya kawaida haijui kutengeneza vitamini. Hii yao imepandikizwa vimeng'enya, yaani vile vitu vidogo vilivyomo ndani ya kila chenye uhai, vinavyojenga na kukata kama mafundi. Vimeng'enya vya kwanza hujenga karotini, ile rangi ya karoti na viazi lishe, na hiyo mtu akila haina neno. Kimeng'enya cha mwisho ni mkasi. Huikata karotini katikati, kila kipande kikawa vitamini A yenyewe, na rangi ikapotea. Ila huo mkasi wameulaza usingizi makusudi, kwa sababu vitamini ikijaa huidhuru hata chachu iliyoitengeneza. Kwanza chachu inaachwa izaane, ndipo mkasi unaamshwa.

Thomasi akauliza unaamshwa na nini.

"Na sukari," Dokta akasema. "Siyo hii ya chai. Inaitwa galaktosi. Sisi tunainunua ya unga, lakini ukitaka kuipata bure, iko kwenye mtindi."

Nassib, fundi mitambo, mtu wa Tanga aliyekuwa hachoki kuwatania Wasukuma, akasema basi wamekosea mahali pa kujenga, wangejenga mbali na watani zake, maana huku hata maji wanayawekea mtindi. Watu wakacheka. Thomasi hakucheka.

Dokta alikuwa bado anaendelea. Alionyesha tabaka la mafuta lililoelea juu ya tangi, akasema vitamini A hupenda mafuta, hukimbilia huko, ndiko wanakoikusanya. Kisha akageuka mkali. Kuanzia leo mwanamke mwenye mimba asiguse hata ndoo ya chumba hiki. Vitamini A kidogo ni uhai, nyingi ni sumu, na mimba ikiwa changa ndiyo mbaya zaidi. Mtoto anaweza kuumbika vibaya. Moyo, masikio, uso.

Thomasi akaliegemeza dekio ukutani. Akamwambia Nassib tumbo limemvuruga, akatoka nje kwenye jua, akawasha pikipiki.

* * *

Mambo yalikuwa yameanza kwa jambo dogo, tena jema. Mama yake, Mayu Nyanjige, alikwenda Maswa msibani akakaa sana. Aliporudi kijijini kwao Kasoli alikuta chungu chake cha togwa, kile kinywaji cha unga wa mtama kilichochachushwa, kimeota ukungu na chachu imekufa. Kwa kawaida hilo si tatizo. Chachu ya togwa hainunuliwi na mtu hanyimwi. Inaombwa kwa jirani kama moto, na wewe ukiwa nayo unampa anayekuja, hata kama jana mligombana. Lakini majirani wa karibu, nyumba ya mzee Luhaga, walikuwa msiba uleule, na yao imekufa vilevile. Mayu akakaa anasikitika. Mkamwana wake ana mimba, na mwenye mimba bila togwa atapata wapi nguvu?

Thomasi akajitapa. Akamwambia, "Mayu, mimi kazini kwangu naogelea kwenye chachu, wewe unalia?"

Sheria ya kituo ilikuwa moja, na imebandikwa mlangoni: chochote kinachotoka kwenye tangi kichemshwe kwanza kabla hakijamwagwa. Kazi ya kuchemsha ilikuwa yake. Siku ya kuosha tangi alichota kidogo kabla hajawasha moto, akatia kwenye kidumu kilichokuwa na mafuta ya kupikia, akakifunga kwenye koti. Alijua anavunja sheria, hilo hakujidanganya. Ila moyoni alisema ni chachu tu, na rangi yake ni ya karoti, na karoti haijamuua mtu.

Togwa ilitoka nzuri, yenye rangi. Mayu akasema togwa yake safari hii imevaa khanga. Baadaye ng'ombe wake akazaa, maziwa yakapatikana, akaanza kuichanganya na mtindi kama alivyozoea tangu ujana wake. Rangi ikaanza kufifia. Thomasi aliona, akadhani inapauka tu, kama nguo inavyopauka kwa kufuliwa.

Sasa, akiwa barabarani, alikumbuka vitu vingine. Mayu alikuwa akilalamika kichwa. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka hadi inatoa damu, ngozi ya viganja inabanduka, na wote wakasema ni upepo wa kiangazi. Akakumbuka pia jinsi mama yake alivyokuwa akiuengua kwa kata ule utando wa mafuta ulioelea juu ya togwa na kuumimina kwenye kikombe cha Goodness, mke wa Thomasi, peke yake, wengine wasiguse. Huu ni wa anayejenga mtoto, alikuwa akisema.

Goodness alikuwa ameharibikiwa mimba mara mbili. Hii ya sasa ilikuwa bado changa, hata jirani wengi walikuwa hawajaambiwa. Kila akienda kuchota maji Thomasi alikuwa akimfuata kwa macho mpaka arudi. Na yeye ndiye aliyekileta kile kidumu ndani ya nyumba.

Malori ya pamba yalikuwa yakitoka Kasoli yamebeba hadi yanainama, yakimtimulia vumbi. Aliyapita ovyo. Dereva mmoja alimtukana, hakumsikia vizuri.

* * *

Aliwakuta uani, Mayu ameketi kwenye kigoda anachambua mtama, Goodness anaanua nguo. Akasalimia, "Mwadila, mayu," kwa sababu huwezi kuingia kwa mama yako bila salamu hata nyumba ikiungua. Mama akaitikia, akamtazama.

"Mwadila, ng'wanone, mwanangu. Mbona mapema? Wamekufukuza?"

Akasema hapana. Akaenda moja kwa moja kwenye chungu, akafunua. Togwa ilikuwa nyeupe. Juu yake kulikuwa na utando wa mafuta unaong'aa, umevutwa upande mmoja kuonyesha mahali kata ilipopita.

Alimgeukia mkewe akamuuliza leo amekunywa.

Goodness alimtazama yeye, kisha akamtazama mama mkwe, akainamisha macho.

"Nimekunywa," akasema. "Nimemaliza kikombe."

"Na jana?"

"Na jana. Kila siku nakunywa."

"Anakunywa vizuri," Mayu akasema, ameridhika. "Huyu siyo kama wale wa mjini wanaochagua."

Thomasi alishika mdomo wa chungu kwa mikono miwili. Alitaka kukipindua pale pale. Mama yake akainuka upesi kuliko umri wake, akakishika upande wa pili, akamuuliza ana wazimu gani. Mtu anamwaga chakula? Thomasi akasema ile chachu ni mbaya, asinywe tena, wala mtu yeyote asinywe. Mama akauliza mbaya kwa vipi na yeye ndiye anayekunywa nyingi kuliko wote na hajafa, kichwa tu kinamgonga. Tena si wao peke yao. Nyumba ya Luhaga walikuja kuiomba juzi, akawapa, maana yule mkamwana wao Elizabeth naye ana mimba na ng'ombe wao wote wamepelekwa malishoni, mtoto wa watu anakunywa uji mkavu.

Thomasi alilisikia hilo la Elizabeth. Alilisikia vizuri kabisa, na akalisukuma kando. Kwa wakati ule kichwa chake kilikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Alifikiri aende naye hospitali. Lakini daktari wa hospitali angeuliza amekula nini, na angejibu nini, togwa? Wangempa dawa ya minyoo warudi nyumbani. Mtu pekee aliyeweza kujua mle chunguni mna vitamini kiasi gani, na kiasi hicho kimefanya nini, alikuwa Dokta Harieth. Na kumwendea yeye maana yake ni kusema, nimeiba chachu tangini, nimeitoa ikiwa hai, nimeipeleka kijijini. Wiki ya kwanza ya kazi Dokta aliwaambia wazi kwamba chachu ile ikionekana nje ya geti, kibali kinafutwa, kituo kinafungwa, na aliyeitoa atajibu polisi.

Alisimama pale uani mpaka Mayu akaanza kumwogopa. Kisha akachota togwa, akaijaza kwenye chupa ya maji, akamwambia Goodness avae viatu.

"Twende wapi?"

"Kazini kwangu."

Njiani hakumweleza kitu. Goodness alimshika kiunoni, uso kauegemeza mgongoni kukwepa vumbi, na mara moja alisema jambo ambalo upepo ulilibeba. Thomasi hakumuuliza amesema nini. Alikuwa anatunga maneno ya kumwambia Dokta, kila akiyapanga yanaanguka.

* * *

Mwishowe hakutumia hata moja ya yale aliyoyatunga. Alimkuta Dokta Harieth mezani kwake, akaweka chupa mbele yake, akasema, "Hii ni chachu yetu, Dokta. Niliitoa mimi. Imekula mtindi. Mke wangu ana mimba na ameinywa."

Dokta hakuinuka. Alitazama chupa, akamtazama yeye, akamtazama Goodness aliyesimama mlangoni ameshika khanga yake kwa mikono yote miwili.

Kisha akachukua chupa akaingia chumba cha ndani, akamwita Thomasi amfuate, chumba asichoruhusiwa. Akamimina kidogo kwenye kioo, akazima taa ya dari, akawasha taa moja ndogo ya mwanga wa zambarau. Togwa ya Mayu Nyanjige ikawaka. Ilitoa mwanga wa kijani ulioingia ubuluu, kama jicho la paka gizani.

"Mkasi umeamka," Dokta akasema.

Hakumgombeza, na hilo lilimtisha zaidi. Aliuliza kwa sauti kavu: imeanza kuchanganywa na mtindi lini, kikombe kikubwa kiasi gani, anapewa ya juu au ya chini. Thomasi aliposema ya juu, yenye mafuta, Dokta alifumba macho kidogo. Akasema anataka kuzungumza na Goodness peke yake, mwanamke kwa mwanamke, na yeye Thomasi akae nje.

Alikaa nje kwenye kizingiti cha ghala. Nassib alikuja kukaa karibu, akataka kutania, akamwona uso, akaondoka. Nyuma ya ukuta matangi yalikuwa yananguruma kama kawaida. Thomasi aliyatazama mapipa ya kuchemshia, yaliyopangwa upande wa boila, kazi yake mwenyewe, nyepesi kama nini. Kuchemsha ndoo moja tu. Alijaribu kuomba, akashindwa kujua aombe nini, kwa kuwa lililotokea tumboni, kama limetokea, limeshatokea.

Mlango ukafunguliwa. Dokta Harieth ndiye aliyetoka kwanza. Goodness alikuwa nyuma yake, analia, lakini kilio chake hakikuwa cha msiba. Kilikuwa cha aibu.

"Hajainywa," Dokta akasema.

Thomasi akamwangalia kama mtu asiyejua Kiswahili.

"Tangu mtindi ulipoanza kuwekwa hajameza hata kikombe kimoja. Mimba inamfanya achukie harufu yake. Anapokea kikombe, anasubiri mama mkwe ageuke, anairudisha chunguni."

Thomasi alimwangalia mkewe. Goodness akatikisa kichwa kukubali, khanga mdomoni. Kumbe ndiyo maana Mayu alikuwa anapasuka midomo. Alikuwa anakunywa yake na ya mkamwana, mafuta na yote.

Thomasi aliketi tena chini pale pale. Alicheka, au alitoa sauti inayofanana na kucheka, akajifuta uso kwa kiganja. Dokta alimwacha apumue, lakini si sana. Akasema Goodness ataletwa kesho kliniki apimwe hata hivyo. Mama yake asiiguse tena togwa ile, kichwa kitaacha chenyewe na midomo itapona. Halafu akauliza swali lililomrudisha Thomasi duniani.

"Nani mwingine amepewa?"

Hapo ndipo Elizabeth alipomrudia kichwani, yule aliyekuwa amemsukuma kando makusudi.

"Kuna nyumba ya Luhaga," akasema. "Mkamwana wao naye ana mimba."

"Ulikuwa unajua tangu saa ngapi?"

Dokta alikuwa tayari anatafuta funguo za gari.

* * *

Jua lilikuwa limeinama walipofika. Mzee Luhaga alikuwa mtu wa maneno makali na mguu mbovu, na kuona gari la wataalamu linaingia kwake likiwa na Thomasi ndani kulimfurahisha sana. Alisema kumbe mtoto wa Nyanjige siku hizi anaendeshwa na wanawake. Kisha akaona hakuna anayecheka.

Dokta Harieth alisalimia kwa heshima, akapiga goti kidogo kama ilivyo kwao, akaomba kuonyeshwa togwa waliyopewa. Luhaga akauliza kama siku hizi serikali inapima na togwa. Akaitwa Elizabeth. Alitoka jikoni, msichana mdogo kuliko Thomasi alivyokumbuka, tumbo likianza kuonekana, na mkononi ameshika kibuyu.

Thomasi alikijua kile kibuyu. Kilikuwa na mshono wa ngozi shingoni, aliushona baba yake.

"Amekileta nani hiki?" akauliza, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Mayu Nyanjige," Elizabeth akasema. "Amekuja nacho mwenyewe baada ya ninyi kuondoka, ndiyo kwanza ametoka. Amesema sisi hatuna maziwa, tuchanganye na huu mtindi, togwa kavu haina faida kwa mtoto."

"Umeshachanganya?"

Msichana akaogopa. Akatazama kibuyu, akamtazama baba mkwe, hajui kosa lake. Dokta hakungoja jibu. Aliingia jikoni, na Thomasi nyuma yake, akafunua chungu.

Ndani mlikuwa na rangi ya papai. Nzito, kavu, bila utando wowote juu. Dokta alichota kidogo kwa kijiko, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga wa jua la jioni, akaitazama upande huu na huu. Ilikuwa ya machungwa kabisa. Mtindi kidogo uliokuja na chachu ya Mayu ulikuwa umekwisha, mkasi ukalala tena.

"Ndiyo kwanza alikuwa anafungua kibuyu," Dokta akasema polepole, kama anajisemea. Mabega yake yakashuka. Huyo mkali asiyecheka aliweka kijiko chini, akaegemea ukuta wa udongo bila kujali gauni.

Togwa ile waliichemsha palepale, juu ya mafiga ya Luhaga, hadi ikafurika na kunuka moshi, kisha wakaifukia. Luhaga alilalamika muda wote. Tangu azaliwe, alisema, hajawahi kuona mtu akipewa chachu halafu aliyempa anairudia na kuizika. Ni laana. Thomasi alimweleza kadiri alivyoweza, kwamba chachu haikuwa ya Mayu, ilikuwa ya kazini, aliiba, na ikichanganywa na maziwa ingeweza kumdhuru mjukuu wake tumboni. Mzee alimsikiliza. Mwisho wake hakutania tena. Alimwambia aondoke uani kwake, na asiingie tena mpaka mtoto yule azaliwe na wamwone.

Kwa Mayu nako wakafanya vilevile. Mama alikaa kwenye kigoda chake akatazama chungu kikichemka, akasema tu kwamba yeye hajawahi kumpa mtu kitu kibaya. Dokta alimwambia ni kweli. Akamwambia kosa lina watu wawili, aliyeiba, na yeye mwenyewe Dokta aliyewaajiri watu wa maziwa akawaficha habari ya maziwa, akidhani haiwahusu waosha matangi.

Alipoingia garini alimwita Thomasi dirishani. Kesho asije kazini. Yeye ataandika yote yaliyotokea na kuyapeleka wanakohusika, na jina la Thomasi litakuwemo, na la kwake pia. Kitakachofuata hakijui. Thomasi akasema sawa.

"Umekuja mwenyewe," Dokta akasema. "Na hilo nitaliandika." Akaondoka.

* * *

Goodness alikuwa amekaa upande wa zizi, mbali na Mayu, anamtazama ndama. Thomasi akaenda akakaa naye. Kuku walikuwa wameanza kupanda kulala.

Akamuuliza kwa nini alimdanganya. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua tu. Angemwambia ukweli pale uani, yeye asingekwenda kule, asingeipoteza kazi yake mwenyewe.

"Mayu alikuwa amesimama pale," Goodness akasema. "Ningesema mbele yake kwamba kila siku namrudishia chakula chake? Mama anaengua ya juu ananipa mimi, yeye anabaki na makapi." Akavuta khanga mabegani. "Kwenye pikipiki nilikuambia. Hukusikia."

Thomasi akakumbuka yale maneno yaliyobebwa na upepo.

"Na ungesikia," Goodness akaendelea, bado anamtazama ndama, "ungegeuza pikipiki?"

Aliwaza kusema hapana. Lilikuwa neno dogo, na hakuna ambaye angelipinga.

"Ningegeuza," akasema. "Ningemwaga chungu chetu, nikanyamaza."

"Na Elizabeth?"

Upande wa Luhaga moshi ulikuwa bado unapanda pale walipochemshia togwa. Thomasi aliutazama. Mkewe aliinuka, akakung'uta khanga, akaenda jikoni kumpikia Mayu uji mkavu usio na chachu.